Namba Saba Nisizozipima

Tulimzika shangazi yangu kule Kileo, kwenye udongo wa tambarare, mbali na milima alikozaliwa. Baada ya mazishi, wakati wanawake tunaosha masufuria nyuma ya nyumba, jirani yake mmoja aliniuliza marehemu alifikaje huku chini kwenye joto, kwa maana alikuwa amesikia kwao ni Upare ya juu, kwenye ukungu na migomba. Kabla sijajibu, mwingine alinijibia. Alisema, "Alikuja mwaka wa ukame. Ndiva ya kwao ilikauka." Mimi nikaendelea kusugua sufuria kwa majivu. Jibu lilikuwa sahihi, na mama yule hakuwa na sababu ya kuuliza zaidi. Lakini ndiva ile haikukauka hivihivi, na aliyekuwa akiipima ni mimi.

Mtu ambaye hakukulia kwetu huenda hajui ndiva. Ni bwawa la kumwagilia ambalo wazee wa zamani walilichimba kwenye kibonde, juu ya mashamba. Kijito kinachotoka msituni hulijaza, na chini ya ukuta wake kuna tundu lenye kizibo. Kizibo kikivutwa, maji hushuka kwenye mfereji mpaka kwenye shamba la mwenye zamu. Hakuna anayejichukulia maji kwa kutaka kwake. Kuna mtunza ndiva, na kwetu mtunza ndiva alikuwa babu yangu, aliyemzaa baba.

Niliishi na babu tangu nilipoanza shule. Wazazi wangu walikuwa Same mjini, na bibi alikuwa ameshafariki, hivyo nyumba ile ilikuwa ya watu wawili. Shangazi Nakundwa, binti wa babu, aliishi chini kidogo ya kwetu na wanawe wawili wadogo. Mumewe alifariki akamwachia shamba lililokuwa la mwisho kabisa kwenye mfereji. Jioni alikuwa akituletea makande kwenye bakuli lililofunikwa kwa sahani, akae kidogo na babu, waongee Kipare cha haraka ambacho wakati mwingine kilinipita. Alikuwa mwanamke wa maneno machache. Akicheka, alicheka kwa mabega tu.

Mwaka ninaousimulia nilikuwa darasa la saba. Masika ilikuja nusu, ikaondoka. Kijito cha msituni kikapungua mpaka kikabaki jasho juu ya mawe, na kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe ikawa wazi kwamba maji yaliyokuwamo ndani ya ndiva ndiyo hayohayo, hakuna mengine yatakayoingia mpaka mvua za vuli. Wanakijiji wakakaa kikao. Wakakubaliana kila nyumba ipate asubuhi moja, kizibo kivutwe alfajiri na kurudishwa jua likifika kwenye ukingo wa mlima, siku zote saba za wiki, kwa kuwa ukame haukuwa na Jumapili.

Ndani ya ndiva, karibu na ukuta, kulikuwa na nguzo ya mti mgumu iliyokatwa alama kwa kisu, kila alama upana wa kidole kimoja, na kila baada ya vidole kumi alama ndefu. Kusoma nguzo ile kulitaka mtu ashuke kwenye mawe yenye utelezi mpaka miguu iguse maji. Macho ya babu yalikuwa yameingia ukungu. Kizibo aliweza kukivuta kwa mazoea ya mikono, lakini alama hakuziona. Akanipa daftari jipya lenye jalada la bluu.

"Kila jioni ukitoka shule, panda ndivani," aliniambia. "Soma nguzo, andika, uje uniambie. Maji ya juu hutembea. Ya chini hukimbia. Nataka kuijua siku yatakapoanza kukimbia, ili niwapunguzie watu zamu mapema, kila mmoja apate kidogo."

Nilisema ndiyo babu. Maneno yale niliyachukua kama misemo ya wazee, ya aina ile ambayo mtoto huitikia huku akifikiria mambo yake. Maji kutembea, maji kukimbia. Niliona ni namna tu ya kupamba maneno.

Ndiva ilikuwa vidole themanini na vinne kabla ya zamu ya kwanza kufunguliwa. Jioni ya siku ya kwanza nilisoma themanini na moja. Ya pili, sabini na nane. Ya tatu, sabini na tano. Nilikuwa nikipanda kwa mwendo wa karibu saa nzima, ukungu ukishuka kunipokea njiani, miguu ikiganda kwenye maji, halafu nashuka mbio kabla giza halijafunga njia. Babu alinisubiri barazani. Nikimtajia namba, aliirudia polepole, kisha akanyamaza kama mtu anayeonja kitu. Jumapili baada ya ibada alisimama nje ya kanisa akawatangazia watu namba ya jana yake na majina ya wenye zamu wiki hiyo. Nilikuwa sijawahi kuona namba niliyoiandika mimi ikisemwa mbele ya watu wazima, nao wakiitikia kwa vichwa.

Wiki ya pili, Mwalimu Rehema aliliona lile daftari juu ya dawati langu. Alikuwa kijana, mwenyeji wa Same mjini, na shule yetu ilikuwa kituo chake cha kwanza cha kazi. Alikuwa akivaa shungi la kijivu, na mwanzoni baridi ya kwetu ilimtesa mpaka akawa anafundisha na koti. Hesabu alizipenda waziwazi, bila aibu, kama wengine wanavyopenda kuimba. Alifunua kurasa zangu, akatabasamu, akaenda ubaoni akaandika: 81, 78, 75, 72, 69.

"Huu ni nini?" aliuliza.

"Mfuatano wa namba," tukaitikia.

"Hatua yake?"

"Inapungua tatu."

"Siku ya ishirini itakuwa ngapi?"

Darasa zima tukaanza kutoa tatu, tatu, tatu, kwa vidole na kwa midomo. Mwalimu alitusubiri. Tulipochoka, akatuonyesha kwamba hakuna haja ya kupita siku zote hizo. Anza na themanini na nne, alisema, kabla ya siku ya kwanza. Kila siku inaondoka tatu. Kwa hiyo siku ya ishirini zimeondoka tatu mara ishirini. Themanini na nne toa sitini, ishirini na nne. Akaandika: 84 toa 3 mara siku. Kisha akachora mistari miwili, mmoja wa siku umelala, mwingine wa vidole umesimama, akaweka nukta kwa kila siku niliyopima. Aliposhika rula akaiegemeza kwenye nukta zile, zote ziliigusa. Hakuna hata moja iliyochepuka.

"Mfuatano ni nukta," alisema. "Mlinganyo ni mstari unaopita kwenye nukta zote. Ni kitu kilekile, kimeandikwa kwa namna mbili. Sasa, kati ya nukta ya siku ya tatu na ya siku ya nne kuna nini?"

Niliinua mkono nikasema, "Kuna usiku, Mwalimu."

Wenzangu walicheka, lakini yeye hakucheka. "Kweli. Mfuatano unauruka usiku. Mstari unaupitia." Kisha akaendeleza mstari mbele ya nukta yetu ya mwisho, lakini safari hii kwa vidoti vidoti, mpaka ukagusa mstari wa siku pale kwenye ishirini na nane. Akasema huku mbele ameweka vidoti kwa sababu namba hizo bado hatujaziona.

Siwezi kueleza vizuri nilichohisi. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu, na maisha yangu yote yalikuwa yameamuliwa na vitu visivyotabirika: mvua, magonjwa, wazazi kuja au kutokuja sikukuu. Na sasa mtu alikuwa ameniwekea rula juu ya siku zijazo. Usiku ule, kwa mwanga wa kibatari, nilinakili mchoro ule kwenye daftari langu la hesabu. Vile vidoti nilivipitia kwa kalamu ya wino, nikavigeuza kuwa mstari mmoja mzima, kwa sababu niliona hivyo unapendeza zaidi.

Siku nne mfululizo baada ya hapo nilikuwa naandika namba kwanza nikiwa bado huku chini, halafu napanda kuihakiki. Hamsini na moja. Nikapanda, hamsini na moja. Arobaini na nane, ikawa kweli. Arobaini na tano, kweli. Jumapili, siku ya kumi na nne, arobaini na mbili, na maji yalikuwa pale pale kwenye alama kama yaliyopewa amri. Nikashuka huku nikijiuliza kwa nini nilikuwa nimepanda.

Jumatatu Mwalimu Rehema akachagua wanafunzi watatu wa kubaki jioni kwa masomo ya ziada, kwa kuwa mtihani wa kumaliza shule ulikuwa karibu na alitaka angalau hao watatu wafaulu hesabu kwa alama za juu. Nilikuwa mmoja wao. Hakujua kwamba saa ile ndiyo saa yangu ya kupanda ndivani, na mimi sikumwambia. Nilirudi nyumbani jua limezama, nikakaa jikoni, nikafungua daftari la bluu, nikaandika 39.

Ndipo shangazi alipoingia na bakuli la makande. Zamu yake ilikuwa kesho yake, Jumanne.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Babu yako amelala?"

"Amejinyoosha kidogo."

Akaketi kwenye kigoda. Akaniambia kwamba Mama Sifa, jirani yake, alimwomba wabadilishane zamu. Maharage ya Mama Sifa yalikuwa yanatoa maua na yameanza kulala chini. Yasingefika Jumatatu ijayo, siku ya zamu ya Mama Sifa. Mahindi ya shangazi yalikuwa yanavumilia bado, ingawa mbelewele, yale maua ya kileleni, zilikuwa zimeshatoka na yalihitaji maji mara moja tu, ili punje zishike.

"Sasa nakuuliza wewe mwenye kalamu," alisema. "Jumatatu ijayo maji yatakuwepo?"

Sikufikiri. Hesabu nilishaijua kichwani. "Yatakuwepo, shangazi. Asubuhi ile yatakuwa vidole ishirini na kimoja. Hata wiki ile yote yatakuwepo, mpaka Jumapili yake."

"Una hakika?"

"Nimechora, shangazi." Nikamwonyesha mchoro. Akalishika daftari akiwa ameligeuza juu chini, akautazama mstari wangu wa wino kwa heshima, kisha akanirudishia.

"Basi nitampa Mama Sifa," alisema.

Wiki ile sikupanda ndivani hata siku moja. Ningesema ni uvivu ingekuwa rahisi kwangu. Haikuwa uvivu. Nilikuwa nakaa kwenye dawati la mbele, Mwalimu akiniita kwa jina, na nikifika nyumbani namba ilikuwa tayari inanisubiri. 36, 33, 30. Nilikuwa namtajia babu kwa sauti ileile. Wala sikuona kwamba ninadanganya. Niliona kama nimepata njia fupi ya kufika pale pale.

Ijumaa asubuhi babu alirudi kutoka kufungua kizibo, akaweka fimbo yake mlangoni, hakuingia.

"Maji yana mlio mwingine," alisema. "Yanalia kwa chini kuliko jana. Jana jioni ulisoma ngapi?"

"Thelathini, babu."

"Uliiona kwa macho yako?"

Nilikuwa nakoroga uji. Nakumbuka mwiko ulivyokuwa unapita ukingoni mwa sufuria, na moshi, na kwamba nilikuwa na nafasi. Hakuwa amekasirika. Aliuliza kama anavyouliza mtu anayetaka kujua tu.

"Ndiyo, babu."

"Basi na masikio yangu yamezeeka," akasema, akaingia ndani kuvua koti.

Jumamosi nilitaka kupanda. Nasema ukweli, nilitaka. Lakini niliogopa nitakachokiona, na mtu akishaogopa kuona hupata kazi nyingi za kufanya. Nilifua, nikaokota kuni, jioni ikaja nikaandika 24. Jumapili babu alisimama nje ya kanisa akaitangaza ishirini na nne. Jioni yake nikaandika 21.

Jumatatu alfajiri babu alitoka kama kawaida. Jua lilikuwa halijafika hata kwenye migomba aliporudi, na hapo nilijua, kwa sababu siku zote alikuwa akirudi jua limeshapanda. Aliketi kwenye ngazi ya baraza.

"Maji yamekwisha," alisema. "Yametoka kidogo, halafu tope, halafu basi. Lete daftari unisomee ya jana."

"Ishirini na moja."

"Soma tena."

Nililifunga daftari. Nikamwambia. Nilimwambia yote nikiwa nimesimama, bila kulia, maana kulia kungekuwa kumwomba kitu. Aliuliza jambo moja tu: tangu lini. Nikasema tangu Jumatatu iliyopita. Aligeuzia uso wake kule ambako kwa macho mazuri angeona mlima.

"Nipeleke ndivani," alisema.

Harufu ilitufikia kabla hatujafika, harufu ya tope lililofunikwa miaka mingi na sasa limefunuliwa. Nilikuwa sijawahi kuiona ndiva ikiwa tupu. Nusu ya juu ilikuwa na kuta za mawe zilizosimama wima kama kuta za nyumba. Lakini pale mawe yalipoishia, kwenye kidole cha thelathini na sita, tope la miaka lilikuwa limejijenga pande zote likateremka kuelekea kwenye tundu, kama ndani ya bakuli. Juu ndiva ilikuwa uwanja. Chini ilikuwa kama sufuria. Kila zamu ilitoa maji yaleyale, lakini huku chini maji yaleyale yalikuwa yanashusha vidole vitano, sita, labda vinane. Nilielewa mara moja, bila kuelezwa, kama mtu anavyoelewa akiangushwa.

Babu alivua viatu akashuka. Akapima kwa hatua upana wa pale mawe yalipoishia: thelathini. Kisha akapima karibu na tundu, tope likimfika magotini: tisa. Akaniambia niandike. Nikaandika.

Tuliporudi tulipitia shambani kwa shangazi. Maji yalikuwa yamefika tuta la tatu. Alikuwa bado amesimama na jembe pale mfereji unapoingia, wanawe wameketi kivulini, na alikuwa anautazama mfereji kwa utulivu kama mtu anayesubiri mgeni aliyechelewa. Babu alimwendea akamwambia kwa Kipare. Mimi sikusogea.

Njiani nilimsihi babu. Nilimwambia aseme ni macho yake, kila mtu anajua macho yake ni mabovu, hakuna atakayemlaumu.

"Nikisema ni macho yangu, wewe utapumua wiki moja," alijibu. "Baada ya wiki hiyo utakaa wapi?" Akatembea hatua kadhaa. "Kuna nyumba saba zilizokuwa na zamu kuanzia leo. Ningejua Jumatano, kila moja ingepata japo nusu asubuhi. Watu hao watasomewa daftari. Atakayelisoma ni wewe."

Shuleni niliingia mchana. Mwalimu Rehema alikuwa ameshasikia. Aliomba daftari langu la hesabu, akafunua mpaka kwenye mchoro, akautazama mstari wa wino.

"Hapa mimi niliweka vidoti," alisema.

"Ndiyo, Mwalimu."

"Na mimi sikuwaambia kwa nguvu ya kutosha vidoti ni vya nini." Aliketi kwenye dawati la mwanafunzi, na nikaona kwamba alikuwa mdogo sana, hakuwa amenizidi kwa miaka mingi. Hakunichapa. Afadhali angenichapa.

Kikao kilifanyika Jumamosi kwenye uwanja wa shule. Nilisimama mbele ya karibu kijiji kizima, babu pembeni yangu ameshika fimbo yake. Nikasoma. Siku ya kwanza, themanini na moja. Siku ya pili, sabini na nane. Sikuwahi kujua mfuatano unaweza kuwa mrefu hivyo. Nilipofika siku ya kumi na nne, arobaini na mbili, nikasema, "Kuanzia hapa sikupima." Kisha nikazisoma zile saba, kwa sababu babu aliniambia nizisome pia, moja moja: thelathini na tisa, thelathini na sita, thelathini na tatu, thelathini, ishirini na saba, ishirini na nne, ishirini na moja.

"Hizo ulizipata wapi?" mzee mmoja aliuliza kutoka nyuma.

"Kwa hesabu. Nilikuwa natoa tatu tatu."

"Na sisi tulikuwa tunalala tukijua maji yapo."

Hakuna aliyepaza sauti. Nilikuwa nimejiandaa kwa kelele, si kwa ukimya ule. Halafu shangazi alisimama. Alikuwa na kitenge chake cha kwendea kanisani.

"Siku niliyokuja kukuuliza," alisema, "ulikuwa umeshaacha kupanda?"

"Ndiyo, shangazi. Siku ile ile ndiyo nilianza kuacha."

Akatikisa kichwa mara moja, kama aliyetaka tu kuhakikisha tarehe, akaketi.

Utunzaji wa ndiva ukaondolewa kwa babu siku ile, akapewa mtu mwingine mwenye macho. Yeye mwenyewe ndiye aliyekabidhi ule mti mrefu wa kuvutia kizibo. Alikuwa ameushika kwa miaka mingi kiasi kwamba sehemu ya kushikia ilikuwa nyembamba na inang'aa. Wiki iliyofuata watu waliitwa msaragambo, kazi ya pamoja, kutoa tope, na mimi nilibeba karai pamoja na watu wazima kwa siku tisa. Mama Sifa, aliyepata maharage yake, alibeba karibu nami, na kila nilipojaza karai kupita kiasi alilipunguza kwa mkono wake.

Mahindi ya shangazi yalisimama mpaka yakawa meupe. Aliyavunja, akakuta magunzi yenye punje mbili tatu. Kabla ya vuli, alifunga vyombo, akachukua wanawe akashuka Kileo kwa ndugu wa marehemu mumewe, ambako angepata kulima kwenye mashamba ya watu. Nilimsindikiza mpaka kituoni nikiwa nimebeba godoro kichwani. Gari lilipokuja aliniambia nimtunze babu. Hilo tu. Alisema atarudi mvua zikitulia. Hakurudi kuishi. Wanawe walisoma kule, wakaoa kule, naye akazoea joto.

Mtihani nilifaulu, na hesabu ndizo zilizonipeleka mbali. Leo nazifundisha, Same mjini, na mwaka hadi mwaka nafika kwenye somo lile la nukta na rula, na sijawahi kulifundisha bila mikono kuwa baridi. Babu alifariki nikiwa kidato cha tatu. Kwa shangazi nilikuwa nakwenda kila likizo. Tuliongea yote, ya watoto, ya magonjwa, ya nani kaolewa. Ya ndiva hatukuyagusa. Nilidhani ameyaweka kando. Wakati mwingine nilidhani ameyasahau, na nilipenda kudhani hivyo.

Mara ya mwisho nilipomkuta mzima, miezi michache kabla hajafariki, alikuwa ameketi kibarazani anachambua mchele kwenye ungo. Mjukuu wake Neema, aliye darasa la saba, alikuja na daftari akitaka nimsaidie hesabu. Ulikuwa mfuatano wa namba. Nikamweleza hatua, nikamwonyesha jinsi ya kufika siku ya mbali bila kupita za katikati, nikamchorea nukta. Mtoto akafurahi. Alikuwa na uso uleule ambao naamini nilikuwa nao mimi.

Shangazi hakuinua macho kwenye ungo. "Mwambie na ile nyingine," alisema.

Nikamwambia. Nilimsimulia Neema yote, mbele ya bibi yake, tangu daftari la bluu mpaka uwanja wa shule. Nilipofika kwenye zile namba saba nilimwambia kwamba mpaka leo hakuna anayejua namba zake za kweli, kwa kuwa hakuna aliyepanda kuziona.

"Ya Jumapili naijua mimi," shangazi alisema. "Ilikuwa sita."

Nilimtazama. Vidole vyake viliendelea kutembea kwenye mchele.

"Nilipanda jioni ile. Nilikuwa na zamu asubuhi yake, nikasema niyaone maji yangu. Nikashuka kwenye mawe mpaka kwenye nguzo. Alama ndefu ya chini ilikuwa nje ya maji, na chini yake fupi nne nazo ziko nje. Sita."

"Shangazi, mbona hukumwambia mtu?"

"Ningemwambia nani nini? Baba alikuwa ametangaza ishirini na nne kanisani asubuhi ile. Wewe ulikuwa umenichorea." Aliokota kijiwe, akakitupa uani. "Mimi shule sikwenda. Nikashuka tena, nikazishika alama kwa mkono, nikahesabu upya. Nikapata sita ileile. Nikajiambia, labda nguzo hii haisomwi hivi ninavyoisoma mimi. Basi nikarudi nyumbani nikanoa jembe."